Naruto Kapendwa Miaka Yote, Hana Habari!

Kuna watu wanapendwa na hawana habari, ila Naruto alizidi jamani. Hinata kampenda tangu wakiwa wadogo, akimsogelea tu binti anazimia kwa aibu, jamaa haelewi kitu. Siku ya kupigana na Pain, Hinata akajitosa kufa kwa ajili yake na kumwambia wazi kuwa anampenda. Vita ikaisha, jibu hakuna! Jamaa kaja kushtuka kwenye filamu ya The Last, mwaka 2014.

Lakini tusimseme sana. Yule ni yatima, kijiji kizima kilimtenga. Mtu aliyezoea kuangaliwa kwa chuki, siku akiangaliwa kwa upendo atajuaje kama ni yeye anayeangaliwa?

Haya, mnamlaumu au mnamhurumia?