Fuvu la Magazeti

Julai 8
Fuvu la mchezo wetu wa Mkwawa limekauka upande mmoja tu. Magazeti ya wiki nzima, unga wa ngano vikombe viwili, na paji bado linabonyea. Baridi hii ya Iringa haikaushi kitu. Nililiweka jikoni karibu na jiko la mkaa. Mama kaingia, kaliona, katoka. Chai hakunywa.

Julai 11
Anayecheza Mkwawa wetu katukimbia. Kapata ukonda kwenye Coaster ya Mbeya. Nimempigia, yuko Makambako anaita abiria, kwa sauti ileile niliyomfundisha ya kuwapanga askari kwenye vita vya Lugalo! Nimecheka peke yangu. Kumlaumu siwezi, sisi tunampa nauli na maandazi.
Usiku nimeirudia tamthilia ya Mulokozi, Mukwava wa Uhehe, ya 1979. Yake ina jeshi. Yetu ina watu saba na shuka.

Julai 14
Mzee wa Kalenga kaja mazoezini. Kamwene, kamwene, akakaa. Tulipofika onyesho la kifo cha Mkwawa, Mlambalasi, akainua mkono.
"Mwanangu, mbona anapiga kelele? Kalenga ilivunjwa 1894, yeye kafa 1898. Miaka minne porini. Mtu huyo kachoka."
Nimefuta hotuba yote. Kurasa mbili. Ndiyo niliyoipenda kuliko zote, basi tu.

Julai 16
Tumempata Mkwawa mwingine, muuza vitunguu wa Soko Kuu. Kuigiza hajui. Kunyamaza anajua.

Julai 19
Kalenga. Taa za pikipiki mbili, vumbi, watoto juu ya ukuta. Fuvu likaingia kwenye ungo, na wazee wa mbele wakasimama. Wakavua kofia! Kwa magazeti yangu! Marehemu wetu akafungua jicho kuona kulikoni, na hakuna aliyecheka. Bibi mmoja akaja, akalifunika kwa khanga yake, akarudi kukaa. Sisi tumeduwaa. Fuvu la kweli liko makumbusho hapohapo tangu lirudi 1954, hawakuhitaji langu. Au walihitaji?
Sina usingizi.

Julai 22
Mbeya wanatuita. Furaha dakika tano, kisha nikakumbuka Merere, mtemi wa Wasangu. Kwenye mchezo wetu ana mistari mitatu, yote ya msaliti. Nipite Usangu na hiyo? Wasangu walipigana na Wahehe miaka na miaka, wana yao ya kusema.
Konda kapiga simu. Atatubeba nusu nauli, ila yeye ndiye acheze Merere. Nimekubali. Mistari nitamkabidhi tukifika Igawa, nikiwahi kuiandika.