Entebbe hadi Kampala, mvua njia yote

Wengi mmeniuliza habari za safari yetu, basi naandika hapa mara moja nisirudie kwa kila jirani.

Mimi na mzee tulitoka hapa Nakivale na basi la usiku kwenda kumsindikiza binti yetu wa kwanza, anayehamia Kanada. Yeye ameolewa, jina lake liko kwenye faili ya mume wake. Faili yetu bado inangoja. Tuliagana nje ya uwanja wa ndege wa Entebbe saa tatu asubuhi, mtoto mgongoni, ule mfuko wa IOM kifuani. Mvua ikaanza palepale.

Kwa wasiojua, Entebbe iko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, kama kilomita 40 kutoka Kampala. Kuna barabara ya kasi iliyofunguliwa 2018, ila tangu Januari 2022 ni ya kulipia. Teksi yetu (Uganda teksi ndiyo matatu, abiria 14) ilipita ile ya zamani: Kajjansi, Zana, Najjanankumbi, Kibuye. Siku ya kawaida ni saa moja na nusu hivi. Sisi tulitumia masaa matano!

Dirisha la upande wetu lilikataa kufunga. Kondakta akatupa kavera, ule mfuko wa nailoni, tukawa tunaliziba kwa zamu. Kajjansi tumesimama. Zana tumesimama tena, maji barabarani rangi ya chai ya maziwa, vijana wa boda wanasukuma pikipiki zilizozimika. Kijana mmoja alikuwa anavusha watu mgongoni kwa shilingi 1,000. Mama mmoja mnene akamwuliza kama bei ni ileile kwa wote, teksi nzima ikacheka.

Mzee hakucheka. Tangu Entebbe alikuwa hajasema neno, nami nikamwacha. Karibu na Najjanankumbi ndipo akauliza:

"Mama, ulimpa lile sweta?"

Sweta lake mwenyewe, la zamu za ulinzi usiku.

"Nilimpa mbele yako."

"Sikuona."

"Ulikuwa umegeukia ukutani."

"Si nilikuwa nalia, we mwanamke!"

Kavera ikamponyoka, tukalowa wote wawili.

Kampala ni mji wa vilima, na mvua ikinyesha maji yanateremkia mfereji wa Nakivubo, huko chini kwenye masoko na stendi. Pale Clock Tower palikuwa ziwa jingine. Dereva akatushusha, tukatembea viatu mkononi hadi kwenye mabasi, tukala rolex moja nusu kwa nusu, maana pesa ilikuwa ya nauli. Ukisafiri Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba, beba kavera lako na usiweke miadi ya mchana.

Basi lilipofika Masaka giza limeshaingia. Simu ya mzee ikalia, akanipa nimsomee: "Tuko Addis Ababa. Mtoto amelala. Sweta ni refu, nimemfunika nalo."

Akaniambia nisome tena.