Sime ya Kale

Kutu ni adui mvumilivu. Haipigi kelele wala haina haraka. Hewa na unyevu kidogo vyaitosha kukigeuza chuma kuwa vumbi jekundu. Vitu vingi walivyotuachia wazee wetu vimeangamia kwa njia hiyo, kwa kusahauliwa tu pembeni mwa nyumba. Mtu akitwaaye kitu cha namna hiyo na kukirudishia sura yake hufanya kazi ndogo, lakini ndani yake mna mafunzo si haba.

Katika nchi nyingine wako watu wanaotengeneza bunduki za kale majumbani mwao kwa kujifurahisha. Kwetu Kenya sheria hairuhusu mtu kuwa na bunduki wala kuitengeneza pasipo idhini, na sheria hiyo naiheshimu. Silaha niliyoishughulikia mimi ni sime, niliyoirithi kwa babu yangu. Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, katika mtaa wa Kaptembwo, Nakuru; mna meza, jiliwa, tupa chache na taa.

Sime hujulikana kwa umbo lake. Ni nyembamba penye mpini, hupanuka kidogo kidogo kuelekea nchani, kisha huchongoka. Katikati ya bapa hupita mgongo unaolitia nguvu. Mpini wake hufunikwa ngozi, na ala yake ni ya mti uliovikwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Zamani wahunzi wa nyanda za juu waliyeyusha chuma kutoka katika mchanga wenye madini, kwa makaa na viriba vya ngozi. Baadaye walifua sime kwa tupa zilizochakaa na springi za magari. Ya babu yangu ilikuwa tupa, kwa maana karibu na mpini meno yake bado yaonekana hafifu.

Jambo la kwanza katika kazi hii ni kujizuia. Mashine ya kusagia ingeing'arisha sime kwa muda mfupi, lakini ingefuta alama za nyundo, ambazo ndizo saini ya mhunzi. Siki na maji ya ndimu huondoa kutu, walakini asidi haichagui: huila kutu pamoja na chuma chenyewe. Kwa hiyo nilitumia mafuta ya taa. Nililipaka bapa jioni, na asubuhi nikalisugua kwa brashi ya nyuzi za shaba, ambazo ni laini kuliko chuma. Nilifanya hivyo siku nyingi. Kutu nyekundu inayobanduka ndiyo mbaya. Weusi uliotulia juu ya chuma cha kale ni kama ngozi yake ya pili, na mwenye busara huuacha. Mwisho nikalikausha bapa na kulipaka nta ya nyuki.

Chuma kilichosafishwa hakishikwi kwa mikono mitupu, kwa sababu jasho lina chumvi, nayo huita kutu. Hapo nilikumbuka habari za Il-kunono, wahunzi wa Kimaasai. Imeandikwa kwamba zamani Maasai wengine hawakuoana nao, na aliyetwaa mkuki au sime iliyoshikwa na mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Desturi ile ilimtenga mhunzi, kana kwamba mkono wake una unajisi. Kumbe mafuta yaleyale yaweza kukihifadhi chuma. Mashujaa walisifiwa kwa silaha zao, na mikono iliyozifua ikaepukwa.

Mshono wa ala ulikuwa umefumuka. Niliipeleka kwa jirani yangu, fundi wa viatu, ambaye lugha ya mama yake si yangu. Aliitazama sime kwa muda pasipo kuigusa.

“Mzee,” akaniuliza, “utaitia makali?”

Swali hilo lina uzito katika Kaptembwo. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mtaa huu ulikuwa miongoni mwa mitaa ya Nakuru iliyokumbwa na mapigano. Majirani waliwindana kwa silaha kama hii, nyumba zikachomwa, na watu wakahama kwa hofu. Katika Kenya nzima walikufa watu zaidi ya 1,100.

“Hapana, ndugu yangu,” nilimjibu. “Tupa haitagusa ukingo wake.”

Ndipo alipoitwaa ala na kutafuta sindano.

Wako watakaosema kwamba sime butu si sime, na kwamba mrekebishaji mwaminifu hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mimi naona kuhifadhi ni kuchagua. Umbo, alama za nyundo na ustadi wa mhunzi vyastahili kuifikia kesho. Makali yalikuwa na kazi yake wakati wa babu, ya kufyeka njia na kulinda mifugo. Mtaani petu hayana kazi ila moja, nayo tumekwisha kuiona.

Nyinyi vijana msomao, huenda kwenu pia kuna chombo kinacholiwa na kutu. Kabla ya kukisugua, waulizeni wazee kilitumika kwa jambo gani, na nani alikifanya. Kutu yaweza kungoja siku moja zaidi; wazee hawangoji.