Ufunguo Mfukoni mwa Soja

Mwaka 1998 nilipoingia kidato cha kwanza, nilisomewa amri za bweni kabla sijapewa hata kitabu. Kapteni wa bweni alipanda juu ya sanduku lake la bati akazitaja kwa kichwa. Pasi marufuku. Stovu marufuku. Redio marufuku. Saa nne za usiku taa zinazimwa, mlango unafungwa, na atakayebanwa na haja kuna ndoo pale pembeni.

Ilikuwa shule ya wavulana katika vilima vya Taita, na baridi yake kwa mtoto wa Mombasa ilikuwa adhabu tosha. Mlango ulifungwa kwa nje. Soja wa usiku alitia kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, kisha ufunguo ukaingia mfukoni mwa kabuti lake na yeye akaenda kuota moto jikoni, mbali kiasi cha kutosikia tukimwita. Mlango wa pili ulikuwepo, lakini vitanda viwili vya ghorofa vilikuwa vimesukumwa mbele yake, maana waliotutangulia waliutumia kutorokea disko. Madirisha yalikuwa na vyuma. Amri hizo zote zilihusu usalama, ila aliyekuwa akilindwa hakuwa mwanafunzi. Zililinda magodoro yasiuzwe kijijini, na jina la shule lisichafuliwe na vijana wanaoonekana sokoni usiku.

Afya ndiyo haikuwa na sheria kabisa. Kulikuwa na chumba chenye vitanda viwili, na matroni aliyetibu kila kitu kwa Panadol na maji ya chumvi. Kunguni tuliwatibu wenyewe, kwa kutoa vitanda juani Jumamosi na kumwagia viungo vyake maji moto. Upele ulikwenda kitanda hadi kitanda, kwani kutoka kitanda changu hadi cha jirani sikuhitaji hata kunyoosha mkono.

Sikuwa nimemaliza muhula ule wa kwanza bweni la wasichana wa Bombolulu, karibu na Mazeras, lilipoungua. Wasichana 26 walikufa. Habari tulizipata kwa redio ya mpishi, na wenzetu waliotoka Mazeras na Mariakani walisimama dirishani pa jikoni hadi taarifa ya mwisho. Ilisemwa kwamba chanzo ni umeme, na kwamba vyuma vya madirisha viliwazuia kutoka. Shuleni kwetu likatoka tangazo la kupiga marufuku hita za kuchemshia maji, ambazo zilikuwa marufuku tangu zamani. Zikaletwa pia ndoo mbili nyekundu za mchanga. Mchanga ulimwagwa na wavulana wiki hiyo hiyo, ndoo zikawa za kuogea. Kufuli la soja halikuguswa.

Lililotikisa mambo lilikuja Machi 2001, nikiwa kidato cha nne. Kule Kyanguli, wilaya ya Machakos, wavulana 67 waliteketea ndani ya bweni moja. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Safari hii chanzo hakikuwa umeme. Bweni lilimwagiwa petroli, na walioshtakiwa walikuwa wanafunzi wa shule hiyo hiyo.

Walimu wetu walitoka na mafunzo mawili yaliyopingana, na yote mawili yakatekelezwa kwa pamoja. Waliosema tatizo ni mlango waliita fundi wa kuchomelea. Waliosema tatizo ni mwanafunzi walipekua masanduku yetu wakitafuta viberiti na petroli. Nakumbuka vizuri asubuhi ile: upande mmoja naibu wa mwalimu mkuu amepiga magoti akinusa chupa ya mafuta ya nywele ya mtu, upande wa pili fundi anakata vyuma vya dirisha na cheche zinaruka hadi kwenye matandiko. Ikabidi tukimbie kuyatoa magodoro nje, la sivyo bweni lingeungua kwa sababu ya kuzuia moto. Vyuma havikukatwa hadi mwisho. Vilibaki vipande vya urefu wa kidole vikichomoza kwenye fremu, na aliyepitia pale usiku alirudi na shati lililochanika. Mwaka huo huo viboko navyo vilifutwa na sheria. Kwenye karatasi, namaanisha.

Nilirudi bwenini mwaka 2008, safari hii kama mwalimu, katika shule nyingine ya pwani. Nilikabidhiwa ulezi wa bweni kwa sababu moja tu, kwamba sikuwa na mke. Mwaka huo ndipo Wizara ya Elimu ilipotoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, nami niliusoma kama mtu anayesoma majina ya marehemu anaowajua. Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa nje: hapo niliiona Bombolulu. Mlango usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani: Kyanguli. Mwongozo ulitaka mlango kila ncha ya bweni na mwingine wa dharura katikati, upana usiopungua futi tano, na yote ifunguke kwa nje. Hilo la kufunguka kwa nje wengi hulipuuza, kumbe ndilo lenye roho za watu. Vijana hamsini wakiukimbilia mlango unaovutwa ndani, walio nyuma huwagandamiza walio mbele, na mlango haufunguki hata kama hauna kufuli. Kitanda hadi kitanda ziwe mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita mbili.

Nilipowaeleza wazazi mkutanoni kwamba hatutafunga tena kwa kufuli, mzee mmoja alisimama. "Mwalimu, mimi nimekuletea mtoto ili alale ndani. Akitoka usiku akafikwa na jambo, utaniambia kitabu kilisema mlango uwe wazi?" Akapigiwa makofi. Sikumwona mjinga. Muhula wa pili wa mwaka huo wanafunzi walikuwa wamegoma na kuchoma mabweni sehemu nyingi za nchi, na kila mzazi aliogopa mambo mawili kwa mpigo: mtoto kuungua, na mtoto kuwa ndiye aliyewasha. Tulipatana kwamba komeo liwe ndani na soja akae kibarazani badala ya jikoni. Soja ndiye aliyelalamika zaidi.

Mita 1.2 nimeziona zikitimia muhula mmoja tu. Oktoba 2020, shule zilipofunguliwa baada ya korona, kidato cha nne walirudi peke yao. Vitanda vikatawanywa, mabomba ya kunawia yakawekwa kila pembe, na upele ukatoweka kabisa. Januari wote wakarudi, nasi tukarudi kwenye msongamano tuliouzoea tangu mwaka 2018 serikali ilipoamua kila aliyemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Sera hiyo naiunga mkono. Watoto wa maskini wameingia sekondari kwa wingi. Ila ilileta watoto bila kuleta mabweni, na fundi yule yule anayetengeneza vitanda vya ghorofa mbili sasa anaombwa vya tatu.

Septemba 2024, baada ya wavulana 21 kufa katika bweni la shule ya msingi ya Hillside Endarasha kule Nyeri, wakaguzi walifika kwetu na tepu ya fundi. Walipima, wakaandika, wakatutaka tupunguze vitanda. Tulitii siku hiyo hiyo. Vitanda vilivyozidi tukavihamishia ukumbi wa kulia chakula, na wakaguzi wakaridhika na bweni, maana ukumbi haukuwa kwenye fomu yao. Ukumbi una mlango mmoja, nao unafunguka kwa ndani. Fundi ameshataja bei ya kuugeuza na kutoboa wa pili. Mhasibu anasema tungoje pesa za serikali za muhula ujao.