Diski na Kadi Yake

Mafundi wa kompyuta wa Mombasa walioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 walijua mapema kwamba diski hainunuliwi peke yake. Mmoja wao, aliyejifunzia ufundi akiwa kijana katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, anakumbuka kwamba mteja akija kulalamikia diski, swali la kwanza lilikuwa: una kadi gani?

Haikuwa mbwembwe. IBM PC XT ilipotoka mwaka 1983 ilikuwa na diski ya megabaiti 10, na diski hiyo ilikuwa sahani, mota, vichwa vya kusomea na umeme wa kuviendesha, basi. Akili ilikaa kwenye kadi ndefu ya Xebec iliyochomekwa kwenye sloti ya biti 8. Kutoka hapo zilitoka kebo mbili bapa: moja ya pini 34 kwa ajili ya amri, nyingine ya pini 20 kwa ajili ya data. Kadi ndiyo iliyoamua data ipangwe vipi juu ya sahani, kwa hiyo diski iliyoandaliwa kwa kadi ya kampuni moja mara nyingi haikusomeka kwa kadi ya kampuni nyingine. Kadi ikiungua, diski ilibaki mezani ikiwa nzima kabisa, na hesabu zote za ofisi zikiwa ndani, lakini hakuna wa kuzitoa. Fundi huyo akaanza kuweka akiba ya kadi kuukuu, kila moja na karatasi inayotaja diski zilizowahi kukubaliana nayo.

Kuchagua kadi wakati huo kulikuwa kuchagua ukubwa wa diski. Seagate walikuwa na diski mbili zilizofanana kama mapacha, ST-225 na ST-238R. Ya kwanza ilitumia mtindo wa uandishi ulioitwa MFM, sekta 17 kwa kila mzunguko, ikabeba megabaiti 20. Ya pili iliandaliwa kwa RLL, sekta 26, ikafika 30. Wabahili walipiga hesabu haraka: ukichukua ST-225 ya bei nafuu ukaifunga kwenye kadi ya RLL, si umepata megabaiti 10 za bure? Wengi walizipata kweli, kwa muda. Kisha sekta zikaanza kuoza moja baada ya nyingine, kwa sababu diski hiyo haikupimwa kwa msongamano huo.

Kadi ikishafungwa, kazi haijaisha. Fundi alifungua programu ya DEBUG iliyokuja na DOS, akaandika g=c800:5, na programu iliyofichwa ndani ya chipu ya kadi ikatokea kwenye kioo. Iliuliza mpishano wa sekta, yaani sekta zinazofuatana kwa namba ziachiane nafasi kiasi gani. Kompyuta ilikuwa ya polepole kuliko mzunguko wa sahani. Sekta zikipangwa kwa kufuatana, ya pili ilikuwa imeshapita kabla ya kompyuta kumaliza na ya kwanza, ikabidi isubiriwe mzunguko mzima. Ukichagua namba isiyofaa, diski ilifanya kazi sawasawa, ila kwa mwendo wa kobe, na mteja asijue kwa nini.

Halafu akili ikahama. Katikati ya miaka ya 1980 Compaq na Western Digital walikuwa wameanza kuiweka saketi ya uongozaji juu ya diski yenyewe, utaratibu uliokuja kujulikana kama IDE. Kufikia wakati wa kompyuta za 486, kadi ya diski ilikuwa kipande chepesi cha bei ndogo kilichobeba pia flopi, printa na hata kiti cha kuchomekea fimbo ya michezo. Kwa fundi wetu hii ilikuwa nafuu kubwa, ingawa anakiri kwamba ujuzi wake wa g=c800:5 ulipoteza thamani karibu kwa usiku mmoja.

Tatizo lililofuata halikuwa la kadi wala la diski, bali la bayosi, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta. Bayosi za zamani zilihesabu silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63, mwisho megabaiti 528. Baadaye ukaja ukuta wa gigabaiti 137, uliotokana na anwani za biti 28. Kompyuta za mtumba zilipojaa kwenye maduka ya mjini, tatizo hili likawa mkate wa kila siku: mashine nzima, diski mpya, na nusu ya diski haionekani. Hapo kadi ikapata kazi mpya. Kadi ya PCI kama Promise Ultra133 TX2 ilikuja na bayosi yake yenyewe, ikaisoma diski kubwa bila kuiomba ruhusa kompyuta. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi, megabaiti 133 kwa sekunde, ndiyo pia kikomo cha sloti ya kawaida ya PCI, inayogawana njia na kadi nyingine zote. Fundi hakuwahi kumshawishi mteja kwa namba hiyo.

Diski za SATA, zilizorithi nafasi ya IDE, nazo zikaleta kero yake. Kadi zenye chipu ya VIA VT6421 zilishindwa kupatana kasi na diski za kizazi cha pili, diski ikawa kama haipo. Dawa ilikuwa jampa ndogo nyuma ya diski, inayoishusha hadi gigabiti 1.5 kwa sekunde. Kadi za Silicon Image 3112 na 3114 hazikusumbua sana upande huo, na ndizo anazozipendekeza hadi leo kwa kompyuta za Pentium III.

Wanaomjia sasa ni vijana wanaofufua XT kwa mapenzi tu. Anawaelekeza kwenye XTIDE, kadi ya biti 8 iliyobuniwa na wapenzi wa kompyuta za kale, ambayo bayosi yake hutolewa bure. Inapokea kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kupitia adapta, bila mota wala kelele. Kijana mmoja alifunga ya megabaiti 512, kisha akashangaa DOS 3.3 ikimkatia vipande vya megabaiti 32 tu. Fundi alimtolea kwenye kabati seti ya flopi za DOS 5.