Yai linaloitwa balut: tulitamke namna gani?



Juma hili kijana mmoja alitutumia swali kwa sauti. Aliona kwenye simu video ya watu wa Ufilipino wakila yai lenye kifaranga ndani, na chini yake pameandikwa neno «balut». Yeye analisoma kama «salut» ya Kifaransa, t imemezwa. Dada yake anasema «baluti». Wamebishana mpaka wakaomba redio iamue. Wengine walicheka: watu wanalala njaa, na hawa wanauliza jina la yai! Mimi nililipokea swali hilo kwa mikono miwili, na mbele kidogo mtaona sababu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Balut ni yai la bata aliyepandwa na dume. Linatunzwa katika joto kwa siku 14 mpaka 18, kisha linachemshwa kabla kifaranga hakijakomaa. Mji unaosifika kwa kazi hiyo ni Pateros, karibu kabisa na Manila. Wachuuzi wanayatembeza mayai hayo usiku ndani ya kikapu, wameyafunika na vitambaa yasipoe. Mnunuzi anavunja kidogo upande wa juu, anakunywa mchuzi ulio ndani, halafu anamenya na kula kwa chumvi ao siki. Ni chakula cha njiani, kama vile vijana wetu wanavyouza mayai ya kuchemsha jioni, na chumvi na pilipili.

Sasa jina. Mchuuzi wa kule anapita akiita: «Baluuut!» Sikilizeni anavuta sauti wapi: mwishoni. Basi linatamkwa ba-LUT. Ile u ni u yetu ya «kuku». Ile t inasikika, na neno linaishia hapo hapo, bila kuongeza kitu. Mkiona mahali pengine pameandikwa «balot», msishangae. Katika lugha yao u na o zinakaribiana sana, na watu wanaandika namna zote mbili.

Kwa hiyo kaka na dada kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Kaka, Kifaransa kilimsaidia kuweka nguvu mwishoni, lakini kikamharibia u na kumeza t. Dada alitoa u safi na t ikasikika, ila aliongeza i, kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie bila vokali. Na ukiondoa ile i bila uangalifu, mazoea yetu ya kukaza silabi ya pili kutoka mwisho yatakupeleka kwenye BA-lut. Hapo pia umepotea.

Mtu atauliza: kukaza hapa ao pale kuna maana gani? Kwao kuna maana kubwa. «Bukas» ukikaza mwanzo ni kesho, ukikaza mwisho ni wazi, kama mlango uliofunguliwa. Maandishi ni yale yale, na magazeti yao kwa kawaida hayaweki alama ya kukuonyesha. Sisi pia tunayo hayo. Barabara ya kupita magari na kazi iliyofanywa barabara zinaandikwa sawa, ila sikio halichanganyi. Karatasi peke yake haitoshi. Lazima umsikie mwenye lugha.

Ndiyo sababu swali la yai lilinigusa. Hapa Bukavu tuna mtaa unaoandikwa Cimpunda, na mwenyeji anasema «Chimpunda». Mgeni aliyezoea Kifaransa atasema «Simpunda». Rutshuru inaandikwa kwa «tsh» tuliyoachiwa na Wabelgiji, nasi tunatamka «Ruchuru». Mtangazaji akiwa mbali, hajawahi kufika, anasoma kama macho yanavyomwambia. Na mtu aliyekimbia kijiji chake, anayetega sikio apate habari za kwao, jina linampita bila kulitambua.

Nimeona jambo zito zaidi. Siku moja ya kugawa unga na mafuta, kijana aliyetoka mbali alikuwa akisoma orodha kwa kipaza sauti. Jina la mama mmoja lilianza na Ci, yeye akasoma «Si». Akaita mara tatu. Mama alikuwa amekaa mstari wa pili, mtoto mgongoni, anangoja jina lake. Hakusimama, kwa kuwa hakuitwa. Wakaandika kwamba hayupo. Jirani yake ndiye aliyechungulia karatasi na kupiga kelele, ndipo akarudishwa kwenye mstari. Kama jirani asingejua kusoma, watoto wale wangelala namna gani?

Kijana yule hakuwa na ubaya. Alikosa tu kuuliza kabla ya kuanza: «Wazee, jina hili mnalisema namna gani?» Ni dakika moja, na haihitaji pesa ya mfadhili.

Kwa hiyo naomba kitu kwenu mlio kwenye kambi na mlio katika familia zilizowapokea. Tutumieni kwa sauti jina la kijiji chenu, mlitamke kama babu zenu walivyolitamka. Semeni polepole, mara mbili. Tutayaweka pamoja pale studio, ili kila anayekaa mbele ya mikro asikilize kwanza kabla ya kusoma habari ya kwenu. Wenye kuandika orodha pia wanakaribishwa kuja kuyasikiliza.

Na wewe kijana wa swali: ni ba-LUT. Mwambie dada yako amekushinda kidogo.