Inchi Moja ya Hewa

Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, si umri. Fundi asiyeweza kutambaa chini ya kibanda akatazame sakafu imelalia nini hana kazi tena. Vyombo nimeuza, nimebaki na mdomo.

Nilizaliwa Nungwi, pwani ya waunda majahazi, na utotoni nilisokota pamba ya kalafati, wakubwa wakiishindilia kwenye nyufa za mbao maji yasipate pa kupita. Skuli kidogo, kisha Mji Mkongwe kwa seremala wa milango, kisha mjomba aliyetangulia Portsmouth akaniita. Nilifika miaka ya 1980. Utoto umekwisha hapo.

Portsmouth nyumba zimebanana, lakini nyuma ya kila nyumba hapakosi kiuwanja, na kiuwanjani hapakosi shedi: kibanda cha mbao kinachouzwa tayari, kuta nne, paa, sakafu na mfuko wa misumari. Watu wawili hukisimamisha kabla ya adhuhuri. Mbao zake ni za milimita 8 hadi 12, miimo myembamba, na juu kuna karatasi la lami. Kwa kuwekea baiskeli na mashine ya majani, hakina kosa. Balaa huanza mtu anapotaka kukaa humo Januari akishona au akiandika.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni mzee wa Kijamaika, aliyekuja Uingereza akiwa kijana miaka ya 1960. Maneno yake machache, na utaratibu wake haukubadilika. Kwanza maji ya juu: tulibandua lami yote, tukalaza mpira wa kipande kimoja usio na kiungo. Pili maji ya chini: sakafu inyanyuliwe, upepo upite chini yake. Mteja angelia baridi namna gani, mzee hakugusa ukuta kabla ya hayo mawili.

Ukuta wenyewe aliupanga hivi, kutoka nje kuja ndani: mbao za kibanda, inchi moja ya hewa tupu, yenye upenyo chini na juu, kitambaa kinachozuia maji lakini kinapitisha mvuke, bodi za povu gumu za milimita 50, nailoni, viungo vyake vyote vimezibwa kwa tepu, mwisho plaibodi. Miimo ya dukani haina kina cha kubeba vyote hivyo, kwa hiyo mzee aliiongezea mbao kwa ndani. Kibanda cha futi 8 kwa 6 kinapungua, na mteja hulalamika.

Hapo ndipo tulipogombana mimi na mwenzangu, mtu wa Mombasa, hodari wa mikono kunishinda. Tulifanya kazi pamoja baada ya mzee kufariki. "Ami, mteja analipia nafasi, halipii hewa," alikuwa akiniambia, naye akizibandika bodi moja kwa moja kwenye mbao. Kwa upande wa joto hesabu yake ilikuwa sawa. Povu lile hupitisha joto takriban 0.022 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, na pamba ya madini ni 0.035 au zaidi. Bodi nyembamba hufanya kazi ya pamba nene. Nilipobisha akacheka: mtoto wa jahazi leo anaacha mianya!

Jahazi lina bahari upande mmoja. Kibanda kina maji pande mbili. Nje kuna mvua ya kusini-magharibi inayopigwa na upepo ikapenya mbao nyembamba, na ndani kuna pumzi ya mtu na birika la chai. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa jasho ikigusa kitu cha nyuzi 12, na ubao wa nje usiku wa Januari hauko karibu na 12. Nailoni inazuia mvuke wa ndani. Ile inchi ya hewa inaukausha ubao uliorowa kutoka nje. Ukiugandamiza ubao na bodi yenye karatasi la fedha, unyevu wake unakaa juu ya asilimia 20, na kuvu haiombi zaidi ya hapo. Mji huohuo walikuwa wakiirushia maji na dawa Mary Rose, meli waliyoiopoa baharini 1982, na hawakuacha mpaka 2013, mbao zake zisije zikakauka zikapasuka. Sisi tulihangaika na kinyume chake.

Nyinyi vijana mnaojifunzia kwenye simu, nisikilizeni. Ile nailoni ya mapovu inayong'aa, mkiipiga pini juu ya mbao, haihami kitu cha maana. Nyaya za umeme msizipitishe ndani ya povu jeupe, linanyonya ulaini wa plastiki ya nyaya mpaka inakakamaa. Na mkinyanyua paa, pimeni: kibanda kilicho ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani kisizidi kimo cha mita 2.5, la sivyo mtakwenda kuomba ruhusa baraza la mji.

Corona ilipoingia 2020 kila mtu akataka ofisi uani. Tulikuwa tumeshaachana, na mwenzangu akapata kazi nyingi kunishinda kwa sababu alimaliza haraka. Wivu nilikuwa nao. Baadaye bibi mmoja akaniita nikatazame harufu. Nilipotoa plaibodi na bodi, mbao zilikuwa nyeusi na bisibisi ilizama bila kusukumwa. Nani aliyekifanyia kazi kile kibanda sikuuliza, mkono wake naujua.

Tukikutana msikitini hunishika bega akaniambia kosa lilikuwa mfereji wa paa. Mfereji ule niliupandia ngazi, nikaumwagia ndoo nzima ya maji. Haukuvuja.